Wakunga Watatu Wapya wa Wodi ya Wazazi

"Mzee, sanamu haizalishi!"

Ndivyo Sista Winfrida alivyomkatiza Mkurugenzi wetu, Mzee Gervasi, katikati ya hotuba, tena mbele ya mpiga picha. Alisimama mlangoni mwa wodi ya wazazi na glavu mikononi. Sisi wajumbe wa Kamati ya Kutatua Upungufu wa Wauguzi tulisikitika sana, maana migebuka ya kukaanga, samaki wa uzinduzi, ilikuwa inapoa.

Naomba nifafanue kwa faida ya umma. Mimi ndiye katibu wa kamati. Kitaaluma ni muuguzi mkunga, kama wajumbe wenzangu Diana na Yona. Tulitolewa wodini ili tupate nafasi ya kuchunguza kwa nini wodini hakuna wauguzi. Suala ni gumu. Uchunguzi unaendelea.

Hata hivyo, kamati ilishabaini kwamba mgonjwa akiona sare nyeupe hutulia. Tukanunua sanamu tatu kwa fundi cherehani wa Mwanga, zile za kuonyeshea magauni, tukazivika sare na kuzisimamisha wodini. Kwa kuwa hazina vichwa, kofia tulizibandika shingoni. Na asubuhi hiyo Mzee Gervasi alikuwa ndiyo kwanza ametangaza: "Kuanzia leo hospitali hii ina wakunga wa kutosha, wasiougua, wasioomba likizo na wasio na chama!"

Neno chama ndilo lililomtoa Winfrida wodini. Yeye ni mwenyekiti wa tawi la chama cha wauguzi hapa kwetu.

"Chama kimeomba kitu kimoja tu," alisema. "Wakunga wawili kila zamu. Humu niko peke yangu. Mama wa Buzebazeba anavuja damu, narudi kwake sasa hivi. Na Safina wa Ujiji mtoto yuko njiani. Nani anampokea?"

"Mgawie mwenzako," Mzee akasema, akionyesha sanamu ya mlangoni.

"Mwenzangu hana kichwa!"

"Huo ni upungufu mdogo. Unashughulikiwa."

Winfrida akageuka kurudi kwa mgonjwa wake. Kabla hajafika akatokea Bi Mwamini, mama mkwe wa Safina, ameshika mkono mweupe wa plastiki.

"Nimemwamkia yule sista wa dirishani, kimya. Nikamwamkia kwa Kiha, kimya. Nikajua kanuna, si mnawajua? Namvuta aje kwa mkwe wangu, mkono nimebaki nao mimi. Haya, mwenyewe ni nani?"

Niliuandika mkono huo kwenye kumbukumbu za kamati. Ndani, Safina akapiga ukelele hadi mpiga picha akakimbilia nje.

"Tawi linakaa kikao, hapa hapa," Winfrida alisema kwa sauti kutoka kitandani kwa mgonjwa wake, mikono haijaacha kazi. "Diana, Yona, katibu, ninyi si wanachama? Hoja: wakunga warudi wodini sasa hivi. Anayeafiki?"

Diana akanyoosha mkono. Yona akanyoosha wake, na mgebuka ndani yake. Kuhusu wangu, naweza kuthibitisha kwamba ulionekana juu.

"Katibu!" Mzee Gervasi akang'aka. "Mkiingia humo kamati yangu itabaki na nani?"

"Na hao watatu," Winfrida akajibu. "Hawachoki kukaa. Ila sare wavue, zina wenyewe."

Utekelezaji ulianza papo hapo. Nilimvua mjumbe wa kwanza gauni. Diana akamvua wa pili. Yona akaligeuza la tatu kuwa aproni. Tukanawa. Diana akaenda kusaidiana na Winfrida kwa mama wa Buzebazeba, na damu ikakatika. Mimi nikapiga magoti kwa Safina, Yona akanishikia taa, na mtoto akaja mikononi mwangu, wa kike, akalia bila kusubiri kibali.

"Mkono huu una joto," Bi Mwamini akasema, akinibonyeza bega kuhakikisha.

Mlango ulikuwa wazi. Pale kwenye korido Mzee Gervasi alikuwa ameshazipanga sanamu tatu uchi kwenye viti vyetu, moja bila mkono. Akakohoa, akafungua kikao, akauliza kama kuna mjumbe anayepinga.

Hakuna aliyepinga. Akala migebuka yote peke yake, kwa kauli moja.