Bendera ya Nahodha na Hina ya Mwanvita

Jumapili, 25 Ramadhani 1303

Leo nimepata bahati, na Alawi ameikosa. Alhamdulillahi!

Baada ya alasiri sheikh wa msikiti wetu alisema bendera ya zafa, yale maandamano yetu ya Idi, inatia aibu. Moshi, vumbi, mavi ya kunguru. Nani ataifua? Watu wamefunga, midomo mikavu, nani anataka kufua? Nikainuka mimi. Alawi mfua fedha, jirani yangu, akanitazama kwa jicho la pembeni. Mwaka jana aliibeba yeye, akatembea kifua mbele kama jogoo. Hesabu yangu ni nyepesi. Bendera ikilala kwangu, asubuhi ya Idi itatoka kwangu. Na itatoka mikononi mwa nani?

Mwenye bendera ni Bibi Kibibi, mjane wa nahodha. Ilikuwa kwenye chombo cha marehemu mumewe, na kila Idi huiazima mtaa. Kaileta mwenyewe, imefungwa ndani ya kaniki kama mtoto mchanga. Nyekundu, pana kama shuka ya kitanda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaanza kuniusia. Maji baridi. Ifuliwe peke yake. Isisuguliwe, isikamuliwe, ianikwe kivulini. Niliitikia kila neno. Sikusikiliza sana, maana Alawi alikuwa anachungulia juu ya ua, na nilitaka anione vizuri.

Jumatatu, 26 Ramadhani

Mwanvita, mke wangu, kataka kufua yeye. Nimekataa! Akifua yeye, sifa ni zake. Kasema haya, tutaona, akaenda zake Mbegani kwa dada yake Sada, arudi usiku.

Maji baridi ni ya watu wasio na haraka. Nimechemsha. Nikatia sabuni, nikatia na jivu; jivu halijapata kumdhuru mtu. Hapo nikakumbuka kanzu yangu nyeupe ya Idi. Moto mmoja, nguo mbili! Nikaitumbukiza humo humo. Kisha nikajinyoosha kidogo barazani, saumu ilikuwa imenikaba.

Nimeamka magharibi inakaribia. Maji mekundu kama nimechinja ng'ombe. Kanzu imekuwa rangi ya kamba aliyechemshwa. Bendera ina mabaka: hapa nyekundu, hapa waridi, hapa rangi ambayo sijui jina lake.

Nilifuturu bila hamu. Vitumbua nilivimaliza, lakini bila hamu.

Jumanne, 27 Ramadhani

Nimewaza mpaka daku. Kinachotakiwa ni wekundu. Na wekundu umo humu humu nyumbani! Mwanvita katwanga hina ya Idi, yake na ya dada yake, bakuli zima. Alipokwenda sokoni niliikoroga, nikaipaka bendera kwa viganja vyote viwili, nikaianika juani ili ishike upesi.

Haikushika nilivyotaka. Palipokuwa waridi sasa pana rangi ya kutu. Viganja vyangu, lakini, vimeshika vizuri ajabu. Adhuhuri nilisali nikificha mikono kila nilipoweza, ila baada ya sala sheikh kanipa mkono. Kaugeuza. Kaniuliza kwa upole kama ninaoa au ninaolewa. Alawi alicheka mpaka nikadhani saumu yake itabatilika. Nilitumaini.

Mwanvita karudi, kaliona bakuli. Sitaandika aliyosema. Kwa mwezi mtukufu, yalikuwa mengi.

Jumatano, 28 Ramadhani

Alawi kaja mlangoni asubuhi mapema. Eti ana kitambaa chekundu kipya kutoka duka la Mhindi. Tukikate, ashone mkewe, Bibi Kibibi asijue kitu. Nikamuuliza kwa nini anisaidie. Kasema hanisaidii mimi, anamwonea huruma bibi. Uongo mtupu! Anataka baadaye aseme bendera ni yake, aibebe tena. Nimemfukuza.

Mpango wangu ulikuwa kumwambia Bibi Kibibi kwamba upepo wa chumvi ndio ulioiharibu. Nilikuwa bado nafanya mazoezi ya uso wa huzuni, nikasikia hodi. Mwanvita alikuwa amekwenda kumwita!

Bibi aliikuta imetandazwa uani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa mkekani, akaivuta mapajani, akaanza kupapasa pindo, taratibu, mpaka akafika kwenye pembe. Kumbe pembe ile marehemu aliishona mwenyewe safarini, kwa uzi wa tanga. Mishono mikubwa, imepinda, kama meno ya mtoto.

"Uzi wake haujatoka," akasema. "Rangi na iende. Uzi upo."

Ule uongo wa upepo sikuutoa. Nikainama, nikabaki natazama viganja vyangu vya bibi harusi.

Alhamisi, 29 Ramadhani

Bibi Kibibi na Mwanvita wameifua upya. Maji baridi ya kisimani, mikono ya upole. Hawakuikamua, waliibonyeza tu, wakaianika kivulini, upepo ukamaliza kazi. Jivu limetoka, kitambaa kimelainika. Mabaka yamekataa. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku. Nimewafukuza kwa bidii.

Jioni sheikh kauliza nani ataibeba. Alawi kasimama tayari! Lakini Bibi Kibibi alikuwa ametuma neno: aliyeipaka hina ndiye atakayeibeba, watu wawaone wote wawili, yeye na bendera. Mwanvita alicheka mpaka akashika ukuta. Sijui anacheka nini. Nimeshinda!

Jumamosi, Mosi Shawali

Idi njema! Nimeibeba.

Kanzu ya rangi ya kamba (ndiyo niliyo nayo), hina mikononi, mabaka yakipepea juu ya kichwa changu. Bagamoyo nzima ilitoka kututazama. Wanawake walipiga vigelegele, watoto walinifuata, wazee walishika mbavu kwa furaha. Mwaka jana Alawi hakupata hata robo ya haya. Alikuwa nyuma yangu akifuta machozi. Wivu, maskini.

Bibi Kibibi alikuwa amesimama barazani kwake. Bendera ilipopita alinyoosha mkono, akaigusa ile pembe. Akaniambia, "Taratibu, mwanangu Muhidini, isikwaruzwe na makuti." Nikatembea taratibu.

Baada ya pilau nilimsikia sheikh analalamika kwamba zulia la msikiti, lile la Kiajemi, limemwagikiwa kahawa. Watu wote wakainamia sahani zao. Nikajitolea mimi. Sheikh kasema hapana. Nikajitolea tena. Kasema hapana, akasogea mbali kidogo.

Kesho nitamwendea nyumbani. Hofu yake naijua, na dawa yake ninayo. Nimekaa nimefikiri sana, na kosa la bendera nimeshalitambua: maji hayakuwa ya moto vya kutosha.