Majungu Manne ya Onyesho la Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimeingia kwenye filamu! Naandika tena ili wino uzoee: nimeingia kwenye filamu! Mkataba unasema "chakula cha wafanyakazi", lakini hayo ni maneno ya watu wa ofisini. Nyumbani nimetangaza kuwa mimi ndiye mpishi wa filamu. Mke wangu akauliza tofauti iko wapi. Nikamwambia asinihoji kama polisi.

Nilitangaza kwa sauti ya juu makusudi. Mama mkwe yuko kwetu mwezi mzima huu, anatibiwa goti, nami nilitaka asikie. Alisikia. Akauliza kama mpishi wa filamu anawapikia wanaokula au wanaojifanya wanakula. Kisha akaingia jikoni akajikorogea uji wake mwenyewe.

Miaka saba! Tangu siku ya harusi yetu mama huyu hajatia tonge langu mdomoni. Kila nikipakua, ameshiba. Nikiwahi kupika, naye anawahi kushiba. Mke wangu anasema chanzo nakijua. Haya, nakijua. Siku ya harusi mama alipika mchuzi kwa mkono wake, siku mbili hatoki jikoni. Nami nikasimama mbele ya wakwe wote, kipaza sauti mkononi, nikashukuru kwa kila kitu, halafu nikaongeza kuwa chumvi haijakolea. Kwani ilikuwa imekolea? Haikuwa! Mke wangu anasema niombe radhi tu yaishe. Radhi ya nini, ya kuwa na ulimi mzima?

Mimi nina mpango bora. Jina langu litokee kwenye kioo cha sinema: "Mpishi wa Filamu". Mama alione kwa macho yake mawili. Hapo atakula. Nani anakataa sahani ya mtu aliyemwona sinema?

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza kazini. Filamu inahusu mama mmoja na wakamwana wake wawili, yaani wake za wanawe, na mambo yao yote yanapita jikoni. Hakuna anayesema "nakupenda" wala "nakuchukia". Mwenye mapenzi anapakua paja, mwenye kinyongo anapakua shingo. Mwongozaji ndiye aliyenieleza hivyo, dada mmoja mrefu asiyevua kofia, huku anakunywa chai yangu. Hii ni filamu yangu kabisa!

Kumbe chakula cha kwenye kamera si changu. Kina mwenyewe. Ni fundi wa vifaa, wanamwita Gundi, maana hakuna anachokitengeneza bila gundi. Kuku wake amepakwa rangi ya viatu. Wali wake ni plasta. Maziwa yake ni rangi ya ukuta, na mvuke wake unatoka kwenye pamba iliyolowa maji moto, imefichwa nyuma ya bakuli. Nilimvuta mwongozaji pembeni, kwa nia njema kabisa, nikamwambia Gundi anaua hisia. Nikaongeza kuwa watu wanasema kuku wake ananuka duka la viatu. Watu wenyewe ni mimi. Mwongozaji akajibu kuwa kamera haina pua.

Gundi alikuwa nyuma ya pazia, anapiga pasi kitambaa cha meza. Alisikia kila neno. Mchana nilipokwenda kupakua maharage nikakuta mfuniko umebandikwa kwenye sufuria, haung'oki hata kwa nyundo. Tulikula mkate.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa vitunguu. Leo Malkia alitakiwa kulia. Ndivyo wote wanavyomwita mwigizaji mkongwe anayecheza kama mama. Onyesho lenyewe: amekaa mezani peke yake, wanawe wamekula wakamsahau. Gundi alishaandaa kichupa cha machozi ya bandia. Bandia tena! Nikahamisha meza yangu, nikaiweka upande unakotoka upepo, nikakata vitunguu kilo kumi. Malkia angetoa machozi halisi, mwongozaji angetoa shukrani halisi, na jina langu lingepanda kwenye kioo.

Walilia wote. Alilia mpiga picha, akawa haoni anachopiga. Alilia mshika taa, taa ikaegemea dirisha. Alilia mwongozaji mpaka akavua kofia, na kichwani hana kitu cha ajabu, nywele tu. Asiyelia alikuwa mmoja, Malkia. Alisema amekata vitunguu miaka hamsini, macho yake yalishakinai. Gundi akaja na kichupa chake, anachekelea.

Mwongozaji aliniita akanionya kwa upole, ule upole wa kutisha. Nikikanyaga tena jukwaani bila kuitwa, mkataba umekwisha. Niliogopa kweli. Mkataba ukiisha hakuna jina, na jina lisipokuwepo mama mkwe ataondoka na goti lake zima bila kuonja hata chai yangu.

Nyumbani mama mkwe alinitazama akauliza mbona macho mekundu. Nikasema sanaa inaumiza. Akasema pole, akaenda kukoroga uji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa! Karatasi imeletwa mpaka jikoni kwangu, imeandikwa na mwongozaji mwenyewe: "Kwa idara zote. Kesho, Onyesho la 14. Jikoni. Wakamwana wawili wanapika majungu. Mama anaingia, anasikia." Idara zote! Nami ni idara.

Niliisoma mara tatu. Majungu. Hakuandika sufuria, hakuandika chungu. Ameandika majungu, vile vyombo vipana vya kupikia umati. Basi mwongozaji ameona kosa lake. Anataka chakula halisi, tena kingi, na kwa aibu hakuweza kuniambia usoni.

Nilimsomea mke wangu. Akasema wanapika majungu maana yake wanasengenya, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Nikamwambia Kiswahili nilikijua kabla sijamjua yeye. Mtaani, sawa, ni kusengenya. Lakini karatasi ikiletwa jikoni, kwa mpishi, hiyo ni oda. Seremala akiandikiwa "meza" hafikirii anaambiwa ameze. Mke wangu akaniambia haya, endelea, na akacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Nimeazima majungu manne kwa wanaokodisha vyombo vya harusi. Kila moja linabebwa na wanaume wawili, na mmoja wao lazima alalamike. Chakula cha mchana cha wafanyakazi kitapikwa humo humo, moto mmoja kazi mbili. Akili hizi nazitoa wapi? Na mama mkwe nimemwalika aje aone. Akasema goti. Nikasema kiti kipo. Akafikiri, akasema atakuja kuwaona hao wanaojifanya wanakula.

Ijumaa, 7 Machi

Nianzie wapi!

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshawasha kuni. Saa tatu majungu yote manne yanatokota, moshi umejaa jukwaani. Mwongozaji akafungua mlango, akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Akauliza hivi ni nini. Nikasema majungu. Akauliza ya nini. Nikampa karatasi yake mwenyewe.

Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. Kisha kicheko. Mpiga picha alikaa chini sakafuni. Gundi alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kwa kuwa ukuta wenyewe aliutengeneza yeye kwa maboksi, wakaanguka wote wawili. Wakamwana wa filamu walikumbatiana kwa kucheka. Na pale mlangoni, kwenye kiti nilichomwekea kwa mkono wangu, mama mkwe ametulia ananiangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Siandiki kwa mbwembwe, nilitamani kweli.

Kilichoniokoa ni uzito. Majungu yamejaa, yanachemka, nani atayagusa? Mwongozaji akatazama saa, akasema basi, warekodi hivyo hivyo, na kwamba mimi na yeye tutaonana baadaye.

Wakaanza. Jana kwenye mazoezi wale wakamwana walisimama tu wanasengenya, mikono haina kazi. Leo kuna moto, kuna chakula, kitaungua. Mmoja akashika mwiko, mwingine kisu. Kila wakimtaja mama, mwiko unasokota jungu kama unamsokota yeye. Wakifika kwenye siri, kisu kinapunguza mwendo. Wakifika kwenye umbea wenyewe, kisu kinasimama kabisa. Moshi ukawasogeza vichwa karibu zaidi. Nilikuwa mbali, sikusikia hata neno moja, na bado nilijua wanamsema nani na wanamsema vipi. Hata Gundi, na plasta zake zote, alikuwa amenyoosha shingo.

Malkia akaingia. Alitakiwa asikie, avunje sahani, atoke analia. Hakuvunja. Alisimama nyuma yao akasikiliza mpaka mwisho. Akasogea kwenye jungu kubwa kuliko yote, akachota kidogo, akaonja kwa kiganja, akafumba macho kwa utamu. Kisha akachukua bakuli langu la chumvi. Lote! Akalimimina ndani taratibu, akakoroga, akafunika, akawageukia wale wawili akawaambia karibuni mezani wanangu.

Mwongozaji alisahau kusema "kata".

Na mlangoni, kicheko kingine. Mama mkwe! Alicheka akashika goti, akacheka akaliachia, machozi yanamtoka. Akasema kwa sauti, watu wote wanasikia, kuwa mama huyo amefanya kile ambacho yeye alipaswa kukifanya siku ya harusi yetu. Sikuelewa vizuri, lakini nilifurahi. Miaka saba sijamwona meno.

Mwongozaji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema tangu aanze filamu hii alikuwa anatafuta namna ya kuonyesha masengenyo, na kumbe yalitakiwa kuwekewa moto chini. Jina langu litakaa peke yake kwenye kioo! Alikwisha kuliandika: "Mpika Majungu", chini yake majina yangu yote matatu. Gundi alilalamika mpaka akachoka mwenyewe. Ushindi! Ushindi mtupu!

Kasoro moja ndogo. Lile jungu kubwa ndilo lililokuwa na chakula cha mchana cha watu arobaini. Walikunywa maji mengi.

Mke wangu nilipomwambia cheo changu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alisema miaka yote ananiita hivyo bila karatasi, sasa ninapata na karatasi. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Amekula. Chakula changu, kwenye meza yangu. Sahani mbili. Nilikwenda kusimama uani kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Leo mama mkwe alisema anapika yeye, na tutakula sinia moja, yeye, binti yake na mimi. Mke wangu alinivuta chumbani akaniuliza kama naelewa nimepewa nini. Nikasema naelewa. Akaniapisha kuwa nitakula na kunyamaza. Nikaapa.

Mchuzi ulikuwa ule ule wa harusi. Niliutambua kwa harufu kabla haujafika mezani. Mama alinipakulia paja. Paja! Mwenye kusoma arudi Jumanne aone maana yake. Macho yalinilowa, na safari hii hakukuwa na kitunguu karibu. Nikatia tonge la kwanza. Mama akanitazama, akauliza kwa upole watu wa filamu wanasemaje.

Sasa mtu akiulizwa kitaalamu, atajibuje? Mke wangu alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshafumba macho kama Malkia. Nikasema Mama, ni mtamu, mtamu kweli, mkono wako haujazeeka. Ila chumvi haijakolea.

Mama hakukasirika hata kidogo. Aliinuka bila kushika goti, akachukua bakuli la chumvi, akalimimina lote upande wangu wa sinia, taratibu, akachanganya kwa kijiko. Akakaa. Akaniambia karibu mwanangu.

Uigizaji wa hali ya juu! Na alijifunza kwangu, siku moja tu jukwaani. Nimekula nikamaliza, na naandika haya huku nikinywa glasi ya sita ya maji. Mke wangu amekataa kunijazia ya saba. Nikimaliza hapa nakwenda kumwambia mama, kwa upole na kwa faida yake, kuwa sasa imezidi.