Miaka Hamsini na Miwili hadi Mwezini

Jumanne, 15 Julai 2025
Jumamosi nashinda. Nimeshamwambia mke wangu Zamda, na kila aliyeniletea saa mbovu hapa sokoni Tabora. Kikundi chetu cha wasomaji kinashindanisha hadithi fupi za sayansi, zile ambazo kila kitu lazima kikubaliane na hesabu. Ya mshindi itasomwa redioni! Yangu: fundi saa anaruka hadi Mirihi baada ya chakula cha mchana, anarudi kabla ya magharibi. Kazi safi.

Jumatano, 16 Julai
Nimemsomea Mwalimu Paskazia, mstaafu wa fizikia ambaye naye anashindana, nimkatishe tamaa mapema. Akauliza chombo kinakwenda kasi gani. Nikasema kasi sana. Akauliza sana ngapi. Mkorofi! Akasema hata mwanga, usiopitwa na chochote, hutumia dakika kadhaa kufika Mirihi. Na kwamba ziko nyota tunazoziona leo ambazo mwanga wake uliondoka huko kabla misafara ya pembe za ndovu haijafika Unyanyembe, huku kwetu. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Baiskeli niliisahau kwake.

Alhamisi, 17 Julai
Nimefuata baiskeli. Mwalimu akanipa saa yake ya ukutani, imesimama. Bahati iliyoje! Nimeweka betri mpya, nikairudisha nyuma saa nzima. Jumamosi atafika tumeshapiga kura.

Ijumaa, 18 Julai
Nimempelekea saa. Akashukuru, akanipa karanga. Nimezila kwa shida kidogo. Kisha nimetia tarakimu arobaini na moja kwenye hadithi yangu. Zamda kauliza ni za nini. Nikamjibu, za sayansi.

Jumamosi, 19 Julai
Mwalimu alinitangulia ukumbini!
“Fundi Mabruki,” akaniambia mlangoni, “saa yangu inachelewa saa nzima. Kivuli cha mlingoti wa bendera kimenishtua. Itazame tena, tafadhali.”
Hakunishuku hata kidogo. Nilitamani sakafu inimeze.
Nikasoma yangu. Walipiga makofi ya adabu.
Akasoma yake. Binti wa miaka ishirini anatoka Kwihara, hapa jirani, na mzigo kichwani, anakwenda mwezini kwa miguu. Mwalimu kabuni vitu viwili tu: barabara, na hewa ya kuvuta njiani. Mengine yote ni hesabu. Kilomita laki tatu na elfu themanini na nne. Ishirini kwa siku, kama wapagazi wa zamani. Miaka hamsini na miwili! Anazaa njiani. Anazika njiani. Anafika bibi wa miaka sabini na miwili, anatua mzigo, anageuka, ananyoosha mkono. Kidole gumba chake kinaifunika dunia yote.
Mimi natengeneza saa tangu ujana wangu, sikujua kama muda una uzito. Machozi yalinitoka. Nikampigia kura mimi mwenyewe. Alipata zote, ila yake, aliyonipa mimi.

Jumapili, 20 Julai
Nimemrudishia saa, sahihi kabisa. Nikakiri kila kitu. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema mwakani nishindane tena, ila kwa hesabu.
Bado kifua kinanijaa nikimfikiria yule bibi. Ukubwa wote ule, umetoka kwenye kugawanya tu!
Nimeshaanza ya mwakani. Wapagazi wangu watakimbia. Watafika mwezini baada ya wiki mbili. Hesabu sijapiga, zinachelewesha.
Nimeshawaambia sokoni nashinda.