Uzinduzi Rasmi wa Kituo Kikuu cha Tovuti, Themu na Plagini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya shughuli hii, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Viti na Maturubai, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, madawati na kona zote za ofisi yetu, mwakilishi wa mgeni rasmi, pamoja na mwakilishi wa huyo mwakilishi, ambaye ndiye aliyefika, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama mliosogezwa nyuma kidogo kwa sababu za kiitifaki, wafanyabiashara wa mtaa huu, yaani mafundi cherehani, vinyozi, wauza dawa na wauza simu, Mshauri Mwelekezi wetu wa masuala ya dijitali, ambaye kwa bahati tu ni mtoto wa dada yangu, dereva wangu, na kila mwenye cheo ambaye nimemruka makusudi ili asivimbe kichwa: nawasalimu nyote kwa jina la maendeleo endelevu, shirikishi na yenye tija. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Ndugu wananchi, leo nimesimama mbele ya jengo hili la ghorofa moja, juu kidogo ya duka la fotokopi, mbele ya mlango wenye kibao kipya ambacho rangi yake bado mbichi, kwa hiyo msikiegemee, ili kuzindua Kituo Kikuu cha Tovuti, Themu na Plagini, mradi wa kimkakati uliobuniwa, ukachakatwa, ukapembuliwa yakinifu na hatimaye kupitishwa na mimi, baada ya mimi kujishauri kwa kina. (Sauti kutoka nyuma: "Si kwa Dada Kibodi hapo?" Minong'ono.)

Nimeisikia hiyo sauti, nami siyo mtu wa kukwepa maswali. Ni kweli chumba hiki kimekuwa kikitumiwa na dada mmoja mtengeneza tovuti ambaye ninyi mmezoea kumwita Dada Kibodi, na hata sasa namwona pale kwenye ngazi, amesimama na mama yake mzazi. Karibuni sana, mama na binti yako. Jisikieni mko nyumbani. (Kicheko. Mama mzazi hacheki.)

Kabla ya kuja hapa, ofisi yangu iliunda kamati ya kuchunguza namna watu wanavyojipatia riziki kupitia tovuti, na matokeo yake yaliwashtua wajumbe kiasi kwamba wawili waliomba likizo. Tulibaini kwamba mtu anaweza kuketi kwenye kiti cha plastiki, feni ikimpuliza, akatengeneza themu moja, ambayo kwa lugha nyepesi ni vazi ambalo tovuti huvalishwa ili ipendeze, kisha akaiuza kwa wateja mia moja na themu yenyewe isipungue hata kidogo. Mjumbe mmoja mzoefu alitaka kujua stoo yake iko wapi. Tulipoambiwa haina stoo, tuliona kwamba hapa kuna ombwe la usimamizi, na palipo na ombwe la usimamizi ofisi yangu huwa haikosi kuingia na viti vyake. (Makofi.)

Halafu kuna hizi plagini. Nimeelimishwa kuwa plagini ni kijiprogramu kinachopachikwa kwenye tovuti ili iweze kufanya kazi ambayo mwanzo haikuiweza, kama vile kupokea oda, kupanga miadi au kuonyesha ramani ya duka. Jambo jema kabisa, lakini tujiulize, kwa idhini ya nani? Mtu anabofya mara moja tu na kitu kigeni kimeshaingia ndani ya mfumo, bila barua, bila usaili, bila hata kujitambulisha mapokezi. Kuanzia sasa, kila plagini itaandika barua ya maombi ya kupachikwa, itaipitisha kwa mkuu wake wa kazi, na itasubiri kikao. Ikijibiwa haraka, ijue kuna mtu kafanya makosa. (Mshauri Mwelekezi anamnong'oneza jambo.) Naambiwa hapa kwamba plagini haiwezi kuandika barua. Basi itatafutiwa karani.

Vilevile tumegundua ukiukwaji mkubwa wa sheria za kazi. Tovuti za mtaa huu zilizotengenezwa na Dada Kibodi zinafanya kazi usiku na mchana, wikiendi na sikukuu, bila posho, bila zamu, bila mapumziko ya mchana. Sisi ni ofisi yenye utu. Tovuti za kituo chetu zitafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, zitapumzika muda wa mlo, na siku ya Ijumaa zitaondoka mapema kidogo kwa sababu zinazoeleweka. (Kinyozi anasimama: "Mheshimiwa, wateja wangu wanaweka miadi usiku, mtu ameshapanda kitandani ndipo anakumbuka kichwa chake.") Mkumbushe mteja wako kwamba kitanda ni cha kulalia. (Kicheko. Kinyozi anakaa, anatikisa kichwa.)

Nije kwenye takwimu, maana hotuba isiyo na takwimu ni sawa na soga. Kwa mujibu wa tathmini yetu, asilimia mia moja na ishirini ya vijana wa eneo hili wamejiajiri kupitia kituo hiki. Najua kuna watu wa kupinga kila kitu watakaosema kituo ndiyo kwanza kinafunguliwa leo. Hawa ni watu wasiojua maana ya kasi. (Makofi. Mtu anaguna.)

Sasa ndugu zangu, naomba tuelekeze macho kwenye ule ukuta, pale penye shuka jeupe, ili mjionee wenyewe tovuti mama ya kituo. Kama mnavyoona, kompyuta yetu imefungwa utepe mwekundu, kwa sababu itifaki hairuhusu kitu kufunguliwa kabla ya utepe kukatwa. Mpwa wangu, niletee mkasi. ("Mkasi umebaki kwenye gari, mjomba.") Hapa mimi siyo mjomba, hapa mimi ni Mheshimiwa. Mama Cherehani, wewe fundi hukosi mkasi kwenye mkoba, hebu tuazime. (Mama Cherehani anatoa mkasi. Utepe unakatwa. Makofi. Ukurasa unaonekana kwenye shuka.)

Tazameni kazi hiyo. Tazameni usafi, tazameni mpangilio. Hapo juu kabisa, kwa herufi kubwa, ni jina la kituo, na mimi nitawasomea kwa sauti kwa ajili ya wazee wetu waliosahau miwani: "Andika Jina la Kampuni Yako Hapa." Jina lenye unyenyekevu, jina linalomkaribisha kila mtu. Chini yake ni dira yetu, inayosomeka hivi: "Maneno mawili matatu kuhusu unachofanya. Usizidishe mistari minne." Hiyo ni dira fupi, na ninyi mnajua ninavyopenda ufupi. (Kicheko kinaanza nyuma kabisa.) Na hawa pichani, wenye meno meupe wanaocheka wakiangalia kompyuta iliyozimwa, ni wahitimu wetu wa awali. Siwajui kwa sura, lakini nimefurahi kwamba wamefurahi.

Hapa kushoto ni ushuhuda wa wanufaika, na hii ndiyo sehemu inayonigusa moyo. "Huduma nzuri sana, nawapendekeza kwa wote." Aliyesema hayo ni Ndugu Mteja wa Kwanza. Anafuatiwa na Bi Mteja wa Pili, ambaye bila shaka ni wa ukoo mmoja, naye anasema: "Huduma nzuri sana, nawapendekeza kwa wote." Mnaona watu walivyolelewa pamoja, hata mawazo yao ni mamoja. Je, Ndugu Mteja wa Kwanza yupo kwenye hadhara hii? Asimame tumwone, kuna kofia na soda vimeandaliwa kwa ajili yake. (Mzee mmoja mwenye koti la mvua anasimama.) Huyo hapo. Mzee wetu, tovuti imekusaidiaje? ("Imenisaidia sana, Mheshimiwa. Hiyo soda iwe ya baridi.") Apewe mbili. (Vicheko, makofi, miluzi.)

Baada ya kujiridhisha kwa macho yenu, sasa natangaza agizo, na naomba Katibu aandike kwa wino unaoonekana. Kuanzia Jumatatu, wafanyabiashara wote wa mtaa huu mnaomiliki tovuti zilizotengenezwa na kusimamiwa na Dada Kibodi mtaziondoa kwake na kuzikabidhi kituoni, pamoja na nywila zake zote, ili zivalishwe themu moja yenye rangi ya ofisi yangu. Duka la dawa, saluni, fundi nguo, fundi simu, wote mtafanana. Mteja akifungua tovuti ya kinyozi asiweze kujua kama yuko kwa kinyozi au kwa mfamasia, na huo ndio usawa tunaouhubiri. (Makofi ya mstari wa mbele. Kwingine kote watu wamekunja mikono.)

Naona Mama Cherehani amenyoosha mkono, na kwa kuwa nimetumia mkasi wake, nampa nafasi. ("Mheshimiwa, mimi nina swali dogo tu. Mwezi uliopita duka langu la mtandaoni liligoma kupokea oda, na nilikuwa na sare za shule nzima. Nilimpigia Dada Kibodi, akaja na kandambili zake, kumbe plagini moja ilikuwa imepitwa na wakati, akaiweka sawa chai yangu haijapoa. Huko kituoni nitampigia nani?") Swali zuri, mama yangu. Utapiga namba iliyopo pale chini ya ukurasa, ambayo ni sifuri, sifuri, sifuri, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho. Namba rahisi kuliko zote kukumbuka. ("Na nani atapokea?") Mchakato. Mchakato ndio utakaopokea.

Na Dada Kibodi naye anataka kusema. Sema, dada, lakini kwa kifupi. ("Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na kituo. Ila mimi na mama tunaishi kwa hizi tovuti. Nikishatengeneza, ndiyo hizo ninazilea kila siku, ndiyo pango, ndiyo dawa za mama. Mkiwachukua wateja wote Jumatatu, sisi Jumanne tunafanyaje? Hilo ndilo linaniumiza.")

Dada, nimekusikia, na nisingependa uondoke hapa na donge moyoni. Ofisi yangu haimwachi mtu nyuma. Wewe tumekuweka katika kundi la wanufaika, na utapewa mafunzo ya awali ya kutengeneza tovuti, yatakayoendeshwa na Mshauri Mwelekezi, yule pale anayehangaika kuzima projekta. Ukifaulu utapata cheti. Ukifeli utapata cheti cha kushiriki. Huwezi kusema umekosa. (Mtu: "Lo." Wafanyabiashara wanaanza kuteta wao kwa wao. Mstari wa mbele unapiga makofi, kisha unayaacha.)

Ndugu wananchi, mimi napenda uzinduzi, wala sioni haya kulisema hilo. Wapo viongozi wanaopenda majengo, wapo wanaopenda barabara. Mimi nikiona utepe, mwili wote unasisimka. Nimezindua daraja kabla mto haujajulikana ulipo, nimezindua maktaba ya kitabu kimoja, tena kitabu chenyewe kilikuwa cha wageni kusaini. Kwa hiyo historia yangu inajieleza. Naomba sasa tutoe kaulimbiu zetu kwa nguvu. Nikisema "Tovuti", ninyi mseme "Mkononi". Tovuti. (Sauti chache: "Mkononi.") Themu. ("Moja.") Plagini. ("Kwa barua.") Kituo chetu. (Hakuna anayejibu.) Hapo mlitakiwa kusema "Fahari yetu", lakini tutahesabu kwamba mmesema.

Namalizia kwa shukrani, na hapa naomba utulivu, kwa sababu utaratibu wa ofisi yetu ni wa kipekee. Hotuba yenyewe haikaguliwi na mtu, lakini ukurasa wa shukrani huenda moja kwa moja kwa mkaguzi, ambaye mwaka jana alimwaga unga wa mtangulizi wangu kwa kosa la kushukuru kitu kisichokuwepo. Kwa hiyo kwenye shukrani huwa nasoma kilicho sahihi, neno kwa neno.

Kwanza, namshukuru mama mzazi wa Dada Kibodi, aliyetufungulia mlango wa chumba hiki asubuhi akidhani tumekuja kusoma mita ya umeme. Chumba atarudishiwa sasa hivi, ila viti viwili vina alama za nyayo za fundi wa kibao, atatuwia radhi. Namshukuru Dada Kibodi mwenyewe, kwa sababu kompyuta iliyokatwa utepe ni yake, umeme ni wake, na huo ukurasa kwenye shuka ni themu yake ya majaribio aliyoiweka mtandaoni ili wateja waitazame bure, nasi tukaitazama. Nawashukuru wafanyakazi wa kituo kwa kutokuwepo, hivyo kutuepushia mishahara. Naishukuru seva yetu, ambayo ofisi inathibitisha kwamba haijanunuliwa. Yule anayeng'oa kibao afungue skrubu taratibu, maana alasiri tunakizindua mtaa wa pili.

Na kuhusu lile agizo la Jumatatu, ukurasa huu unanitaka niseme kwamba mfanyabiashara yeyote asikabidhi chochote, kwa kuwa hakuna pa kukabidhi. Mwenye tovuti aendelee kumpigia Dada Kibodi kama kawaida. Sisi tulichokuwa nacho ni hotuba hii, nami nimeifikisha mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi marefu, vigelegele. Watu wote wamesimama, wamempa Mheshimiwa mgongo, wanampigia makofi Dada Kibodi pale kwenye ngazi, naye amemkumbatia mama yake. Mheshimiwa anapunga mkono.)