Misuli kwa Ajili ya Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Jumamosi mama mkwe anahamia kwetu, ghorofa ya pili. Yeye na kabati lake! Mara ya mwisho alipohama, shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mwashi, alilibeba mgongoni peke yake. Mimi nilipewa mito. Nikaiangusha. Mama mkwe akamuuliza binti yake, mbele yangu, kama nimewahi kunywa dawa ya minyoo. Inaniuma mpaka leo. Safari hii nalibeba mimi, la sivyo nitakula nikitazamwa kwa jicho lile maisha yangu yote.

Nimekwenda ukumbi wa mazoezi. Mwalimu, mwanamke mwenye mabega mapana kama mlango, kanipa mpango wa wanaoanza: kuchuchumaa, kusukuma, kuinua, siku tatu kwa wiki, chuma kitupu kwanza, bila uzito wowote. Eti haba na haba hujaza kibaba. Kibaba nakitaka Jumamosi!

Jumanne, 7 Mei

Siwezi kuchana nywele. Chuma kitupu kimenifanyia hivi!

Nimetafuta mipango mingine ya wataalamu mtandaoni. Sita, kila mmoja unamponda mwenzake. Kwa jambo moja tu wataalamu wote wanakubaliana: misuli hukua siku ya kupumzika. Sasa, mimi ni fundi cherehani. Nguo ikikataa upande huu, unakata upande ule. Nimechukua mkasi. Huu unapumzika Jumanne, ule Jumatano, mwingine Alhamisi. Nimeunganisha vipande: wiki nzima ya mapumziko, na kila siku ina mtaalamu wake! Sijui kwa nini watu wanajitesa.

Jumatano, 8 Mei

Nimepumzika kwa bidii. Misuli haijatokeza. Nadhani shati linaificha, kwa hiyo nimelibana mikono na kifua. Mke wangu kauliza kama limeingia maji ya moto. Nimemjibu kwamba ni kifua. Kacheka mpaka kakaa chini. Mwanamke hajui kuvumilia mafanikio.

Alhamisi, 9 Mei

Nimebana tena. Kiwiko hakikunjiki. Chai nakunywa kwa kukiinamia kikombe mezani, lakini mteja wa suruali kanisifu, na hilo ndilo muhimu.

Shemeji kapita dukani. Kanitazama kwa muda mrefu. Wivu! Nimemwambia Jumamosi asijisumbue, kabati lina mwenyewe. Kasema haya, shemeji, atakuja kutazama tu. Na kiti chake atabeba mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Nimelala mchana kutwa. Mpango hauruhusu mchezo.

Jumamosi, 11 Mei

Lori limeshusha kabati chini ya ngazi. Shemeji kaja na kiti kweli. Mama mkwe kasema haya baba, tuone. Nimechuchumaa. Nimevuta pumzi. Shati limefumuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, kabati halijatikisika hata kidogo.

Mke wangu, Mungu ambariki, kamwita mama yake juu aone chumba. Shemeji katoka kumwelekeza dereva ageuze lori. Nikabaki peke yangu, aibu imenijaa, machozi yananilengalenga. Nikaingia ndani ya kabati nitulie kidogo.

Ghafla dunia ikainuka! Shemeji. Kapanda akihema, akilalamika kwamba safari hii mama kajaza mawe. Nimetulia tuli. Ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili.

Mama mkwe kafungua mlango. Tumetazamana. Nimemwamkia shikamoo, kaniitikia marahaba. Kisha kaanza kutundika magauni yake, moja moja, akinikwepa puani. Kamaliza, kafunga.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe hajanisema popote. Hiyo ni heshima.

Nimetafakari kwa utulivu. Wiki iliyopita nilikuwa nahema kabla sijafika ghorofa ya kwanza. Jana nimefika ya pili, pamoja na kabati, bila tone la jasho. Mpango unafanya kazi!

Shemeji, kwa upande wake, hawezi kuinuka kitandani. Mgongo. Kabati lilelile alilolibeba zamani bila shida! Nguvu zinamwisha, maskini, na hajui kwa nini. Nimekwenda kumwona, nimemhurumia sana, nimempa mpango wangu. Anaanza leo, na mazoezi ya kwanza ameyapatia: amelala.