Hilda Kwenda Almería, Gesi Ikiruhusu

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya ubavu tangu asubuhi, inatoka baharini. Mji wetu wote wa Withernsea, pwani ya Uingereza, umefunga madirisha. Mimi niko ndani ya Hilda, mbele ya nyumba, naandika kwenye meza yake ya kukunja. Hilda ni gari letu la kulala. Lina kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo kinachomfaa mtu asiyeumwa magoti. Tulilinunua nilipostaafu idara ya mipango ya halmashauri. Siku ile niliapa kwamba kila majira ya baridi tutakuwa kusini mwa Hispania. Hii ni baridi ya saba. Mbali kuliko kote Hilda alikofika ni Scarborough, pwani hii hii yetu. Tulirudi kesho yake.

Si uvivu! Ni mipango. Nina ramani ukutani: Portsmouth, meli mpaka Santander, kisha kushuka mpaka Almería. Nina vituo vya maji. Nina vituo vya akiba endapo vituo vya maji vimekauka. Glenys, mke wangu, aliitazama jana akasema kuna watu waligundua mabara kwa ramani mbovu kuliko hiyo.

Kisha akakohoa. Kikohozi chake cha Novemba kimeshaingia, kama mpangaji mwenye ufunguo wake. Krismasi iliyopita aliila hospitalini akiwa na kinyago cha hewa usoni. Daktari alisema hewa kavu ya kusini ingemfaa kuliko dawa. Alikuwa akinitazama mimi alipoyasema hayo.

Leo ametoa tangazo huku akimenya viazi. Majirani zetu, Clive na Noreen Tunnicliffe, wanaondoka wiki ijayo kwenda Almería kama kila mwaka, na gari lao lina kitanda cha tatu. Wamemkaribisha. Nikileta sababu nyingine mwaka huu, atapanda kwa Clive.

Kwa Clive! Mke wangu akalale kwenye gari la Clive, akisimuliwa hadithi za Clive!

Jumanne, 5 Novemba

Haya, na niseme ukweli, maana karatasi haina mdomo. Naogopa.

Siogopi bahari. Siogopi wezi. Naogopa upande wa kulia. Huko ng'ambo magari yanapita kulia, na mimi nimeendesha kushoto tangu ujana wangu. Mikono yangu inakwenda kushoto bila kuniuliza. Kila mwaka ikifika Oktoba naota ndoto ile ile: Hilda anashuka melini, kipilefti cha kwanza, nakata kushoto kwa mazoea, na mbele yangu lori la nyanya. Glenys yuko pembeni yangu. Huwa naamka kabla ya kishindo.

Sijamwambia mtu. Mwanamume wa miaka sitini na nane atasemaje kwamba anaogopa kona?

Kwa hiyo natafuta sababu. Mwaka juzi ilikuwa betri. Mwaka jana tairi. Mwaka huu nimepata kiboko yao: gesi! Nani atabishana na gesi? Jioni mji mzima ukiwa unalipua fataki za tarehe tano, desturi yetu ya kila Novemba, niliingia jikoni na uso wa huzuni nikasema nimesikia harufu ya gesi kwa Hilda. Glenys akavuta pua. Akasema yeye anasikia baruti. Nikamwambia pua yenyewe ina mafua, itasikia nini.

Hapo niliteleza. Amelala chumba cha wageni.

Alhamisi, 7 Novemba

Glenys alimwita Clive. Bila kuniuliza! Akaja na maji ya sabuni kwenye ndoo na brashi ya rangi, akapaka kila kiungo cha bomba, kuanzia kwenye mtungi mpaka jikoni. Hakuna hata kipovu kimoja kilichoinuka kuonyesha panapovuja. Akajifuta mikono akasema gesi yangu ni nzima kuliko mwenyewe. Akamgeukia Glenys akamwambia, shemeji, panga nguo.

Kisha akanivuta kando. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama nataka, basi tupande meli moja. Tukishuka Santander yeye atatangulia, mimi nifuate taa zake za nyuma tu, hata kufikiri sitafikiri.

Hiyo ndiyo dawa niliyokuwa nikiililia miaka yote! Nami nikajibu nini? Nikajibu kwamba ukoo wetu wa Pickersgill haufuati makalio ya mtu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu una wazimu.

Glenys akauliza kama basi yeye anaweza kushika usukani nusu ya njia. Ni kweli aliendesha gari la maktaba ya wilaya miaka mingi, akipeleka vitabu mashambani kwenye barafu na matope na ng'ombe. Nikamweleza taratibu kwamba Hilda ana tabia zake. Vitabu havimwagiki, mimi nina chai humu. Alikohoa tu, na safari hii alishika ukingo wa meza.

Jumapili, 10 Novemba

Mpango mpya: kujifunza kulia kwa siri! Ajabu sikuuwaza mapema.

Asubuhi, kabla watu hawajakusanyika mnarani na maua yao mekundu kuwakumbuka waliokufa vitani, nilimtoa Hilda nikampeleka kwenye maegesho ya ufukweni. Patupu. Pipa la taka katikati. Nikalifanya pipa kipilefti. Nikalizunguka kwa upande wao, pole pole, nikijiambia kwa sauti: kulia, kulia, kulia. Mzunguko wa kwanza nilitoka jasho. Wa pili nikapata moyo. Wa tatu nikaanza kupiga mluzi.

Wa nne nikakutana pua kwa pua na lori la taka lililokuja kuchukua kipilefti changu.

Dereva alifungua dirisha akaniuliza kama nimepatwa na kiharusi. Alikuwa na huruma ya kweli. Alitaka kuniitia gari la wagonjwa. Nikajitia kiziwi. Nikataka kurudi nyuma, mikono ikasahau iko nchi gani, nikapanda ukingo wa bustani. Na nani amesimama pale na mbwa wake? Clive. Hakucheka. Angecheka ningemchukia kwa raha zangu. Alinipungia mkono tu, akamvuta mbwa wakaenda zao.

Jumanne, 12 Novemba

Clive na Noreen wameondoka asubuhi hii. Glenys aliwaaga mlangoni, koti la mvua juu ya gauni la kulala. Kitanda cha tatu kimekwenda kitupu! Nikajua nimeshinda. Nikachemsha chai kwa furaha.

Glenys akaingia, akakaa, akaweka simu yake mezani, kioo juu. Amekata tiketi ya meli ya Jumatatu. Watu wawili na Hilda. Hilda anakwenda, alisema, na mimi nina hiari ya kuwa ndani yake.

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda na wale. Akakoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Desmond, mimi dereva ningempata popote. Nilitaka kwenda na wewe."

Kisha akaniuliza nilikuwa nafanya nini Jumapili ufukweni. Clive alimwambia Noreen, na ukimwambia Noreen umetangaza. Nikasema nilikuwa napima uwezo wa Hilda kugeuka. Akaniuliza kama kuna jambo naliogopa. Alingoja. Alinipa nafasi kubwa kabisa ya kusema, na neno lenyewe ni moja. Nikamwambia lazima nikaangalie upepo wa tairi.

Nilisimama nje kwenye mvua nikishika tairi zilizokuwa nzima. Nikamsikia akikohoa kule ndani, muda mrefu. Nilijichukia. Lakini sikurudi ndani kusema.

Jumanne, 19 Novemba

Melini. Jana tulivuka Uingereza yote na kupanda salama, maana ni kushoto mwanzo mpaka mwisho. Sasa ni Ghuba ya Biscay, na bahari imechafuka.

Mpango: mgongo! Mawimbi haya ni neema. Mtu wa umri wangu akirushwa kitandani, mgongo ukateguka, nani wa kulaumiwa? Na mtu aliyeteguka mgongo haendeshi. Na kwa kuwa haendeshi, meli ikigeuza kurudi Portsmouth, sisi tumo.

Saa ya chai nilijiangusha sakafuni na kupiga yowe la wastani. Glenys alinisugua dawa kwa mikono miwili, hakuuliza hata swali. Dawa inawasha. Ukimya wake unawasha zaidi.

Jumatano, 20 Novemba

Santander. Jua! Milango ya meli imefunguka, mbele yetu mtu wa fulana ya manjano anaita magari kwa mkono. Nikaanza kueleza habari za mgongo na za meli kurudi. Glenys akanyoosha kiganja.

"Nipe funguo."

Nikamkumbusha kwamba Hilda ana tabia zake. Akasema na yeye anazo.

Nikampa. Niseme kweli, nilipungukiwa na mzigo mpaka masikio yakavuma. Nikahamia kiti cha abiria, nikajifunga mkanda, nikajipongeza. Mpango wa mgongo umezaa matunda, ingawa si yale niliyopanda.

Tukashuka. Kipilefti cha kwanza! Glenys akakizunguka kwa kulia kama aliyezaliwa hapo, huku akitafuta peremende mfukoni. Na hapo ndipo nilipogundua. Gari letu ni la kwetu: usukani uko kulia, abiria yuko kushoto. Hapa kushoto ndiko katikati ya barabara. Yaani dereva yuko salama kando ya majani, na mimi ndimi niliyewekwa mbele ya kila lori la nyanya linalopanda kutoka Andalusia kule kusini!

Nilipiga yowe. Hili halikuwa la wastani.

Ijumaa, 22 Novemba

La Mancha, katikati ya Hispania. Tambarare, upepo, mizeituni. Glenys hataki barabara kuu. Anasema maktaba haikuwahi kupita barabara kuu.

Tatizo la njia hizi ni kupita gari lililo mbele. Dereva wetu alipokaa haoni mbele ya anayemtangulia. Anayeona ni mimi. Kwa hiyo yeye huuliza, na mimi hujibu: pita, au bado. Kazi nyeti, inataka mtu mwangalifu.

Tangu kifungua kinywa tulikuwa nyuma ya trekta lililokokota matrela ya zeituni. Akauliza, nikasema bado. Kulikuwa na kilima kwa mbali. Akauliza tena, bado. Kulikuwa na ndege barabarani. Bado. Bado. Watu wa baiskeli walitupita. Mkulima mwenyewe aligeuka akatuonyesha kwa mkono tupite, nikasema huyo hatumjui nia yake.

Glenys hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa kwenye matrela yale.

"Desmond, mimi niko nyuma ya trekta hili miaka saba."

Akaendelea kwamba watu wengine ngojangoja huwaumiza matumbo, lakini yeye imemuumiza kifua. Akasema anajua ninaogopa. Alijua tangu mwaka wa tairi. Alingoja nimwambie mwenyewe, kwa sababu mtu akimficha mkewe woga wake, huishia kumfungia mkewe ndani ya woga huo huo.

"Sasa niambie unachokiona. Usiniambie unachokiogopa."

Nikatoa kichwa dirishani. Nikatazama kweli, nadhani mara ya kwanza tangu Santander. Barabara nyeupe, tupu, mpaka mbingu inapoishia. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na kitu.

"Pita," nilisema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Akapita. Mkulima akatupigia honi. Glenys akacheka, kicheko kirefu cha msichana, na mwisho wake nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nikamshika goti, nikamwambia ni kweli, nilikuwa naogopa. Akasema aa, kumbe, na akanipa peremende.

Jumapili, 24 Novemba

Almería! Tumeegesha chini ya mchungwa. Glenys amevua soksi. Amechuma chungwa kwa mkono wake, amelimenya pole pole na kulila lote bila kunigawia, na sikudai. Sijamsikia akikohoa tangu juzi. Mchana alisinzia kitini nami nikakaa pembeni nikisikiliza kifua chake, kinapanda, kinashuka, kimya. Nilifurahi mpaka machozi. Nikajiapia kwamba mambo ya kuficha na kuzungusha maneno nimeyaacha kule kwenye trekta.

Jioni Clive na Noreen, walioegesha jirani yetu, wakaja na chupa ya mvinyo. Clive kavaa kaptula, miguu kama kuku aliyenyonyolewa. Akaniuliza nimeuonaje upande wa kulia.

Glenys alinitazama. Aliacha hata kutafuna.

Nikasema upande wa kulia ni kitu kidogo sana, unataka moyo tu. Nikaeleza nilivyoshuka melini. Nikaeleza kipilefti. Trekta nalo nikalieleza, nikaliongezea na fahali. Noreen alishika mdomo. Glenys aliinuka akaenda kuosha vikombe visafi.

Clive akanipa mkono, macho yamemlegea kwa heshima. Akasema ni bahati, maana jino linamsumbua, kesho asubuhi anang'olewa Almería mjini, na daktari kamkataza kuendesha akitoka pale. Noreen hana leseni. Akaniomba, mzee mwenzangu, nimrudishe kwa gari lake, njia ya milimani.

Nikamwambia hilo halina hata haja ya kuomba.

Wamekwenda kulala. Glenys ameniuliza kupitia dirishani kama kuna jambo ninataka kumwambia. Nimemwambia hapana, nanyoosha miguu tu. Nimetembea mpaka pale kwenye gari la Clive, nikalizunguka, nikainama kidogo upande wa mtungi.

Sitaki kumtia mtu hofu. Lakini nina hakika nimesikia harufu ya gesi.