Mkamata-Nzi wa Silanga

Jumatatu, 9 Mei 1994
Ushindi! Kwenye nyasi za bwawa, nyuma ya meza ya mboga ya Sella hapa Silanga, nimemwona ndege wa Amerika Kusini. Kofia nyeusi, kifua cheupe, mkia mrefu kuliko mwili wake mara mbili. Hurukaruka hewani juu ya nyasi, bila shaka akiwinda nzi. Kitabu changu cha ndege, cha mtumba, hakina jalada wala rangi, lakini picha ya ukurasa wa 112 haina ubishi: mkamata-nzi mwenye mkia panda. Nitawaandikia wa makumbusho. Watanipa kazi. Nikipata kazi, nitamposa Sella. Hoja imekamilika. Sella mwenyewe hajaarifiwa.

Jumatano, 11 Mei
Oketch, muuza makaa, kaniuliza mbele ya wateja: "Prof, huyo ndege wako pasipoti yake ilipigwa muhuri wapi?" Nimemjibu kwa dakika arobaini, kuhusu upepo na uhamaji wa ndege. Yeye aliondoka katika dakika ya tatu. Sella alibaki, akikata sukuma wiki. Akanipa kigoda chake.

Ijumaa, 13 Mei
Ushahidi wa tabia unahitajika: lazima aonekane akila nzi. Nimetundika omena, vidagaa vya ziwani, waliooza juu ya meza ya Sella. Nzi wakaja kwa mamia. Wateja wakahamia kwa Risper, muuza mboga wa meza ya pili. Ndege akashuka chini, akadonoa mbegu za nyasi! Nimeandika: amefunga, ni Ijumaa. Sella hakunifokea. Alifukuza nzi kwa leso, akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 14 Mei
Msiba. Sella ameomba kuiona picha, akacheka hadi akashika meza. "Timothy, huyu wako si ana mdomo mwekundu? Wa kitabuni ni mweusi. Kwetu Busia wamejaa kwenye mtama." Tena, asema, kule kurukaruka hewani si kuwinda nzi, anamringia mke wake. "Kale kadogo ka kahawia, hapo chini. Wiki nzima unaangalia mkia tu." Kisha, kwa sauti ya chini, akasema kwamba kaka yake Wabwire huwa nyumbani Jumapili saa nane, na hajali mgeni ana kazi au hana. Nikaenda moja kwa moja kuazima pasi. Mimi!

Jumapili, 15 Mei
Shati limepigwa pasi. Nikapitia bwawani mara moja tu, njiani kwenda kwa Wabwire. Ndege mdogo wa kahawia, mistari kichwani. Ukurasa wa 87! Shomoro wa milima ya Andes, bila shaka yoyote! Saa kumi Sella kanikuta kwenye nyasi. Alikuwa na chai. Akaketi, bega lake likagusa langu, akasema Wabwire bado anangoja. Nimemsihi anong'one. Ndege huyu ni mwoga sana, na ametoka mbali.